Kifaa kinachosikia nyumba nzima ila Kiswahili

MIKONO ya mpishi imejaa unga wa chapati, sufuria ya maharagwe inatokota, na mtoto aliye sebuleni anauliza Ziwa Turkana lina urefu gani. Katika nyumba nyingi za Kenya, swali kama hilo hujibiwa na mama, na shangazi, au na yeyote aliye karibu na simu.

Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba za Nairobi na Mombasa siku hizi yuko mwingine anayejibu. Huyo ni spika ndogo ya duara iliyowekwa kando ya televisheni, inayoitwa kwa jina na kuagizwa kwa mdomo.

Hii si spika ya kupigia muziki pekee, wala si yule Spika wa Bunge, ingawa zote mbili hutaka watu waseme kwa zamu. Ni chombo chenye maikrofoni ambazo hukaa macho usiku na mchana zikingoja neno moja la kukiamsha. Neno hilo likishatamkwa, yale yanayofuata hunaswa na kusafirishwa kwa intaneti hadi kwenye tarakilishi za kampuni iliyokiunda. Huko hufasiriwa, jibu likatungwa na kurudishwa kwa sauti, yote hayo kufumba na kufumbua.

Kampuni ya Amazon ndiyo iliyotangulia, ilipowauzia wateja wachache wa Marekani spika ya Echo mnamo Novemba 2014, ikiwa na msaidizi aitwaye Alexa. Google ilifuata na yake mnamo Novemba 2016, nayo Apple ikajiunga Februari 2018. Humu nchini, spika hizi huletwa na wafanyabiashara wa vifaa vya elektroniki, na nyingine hufika ndani ya mikoba ya jamaa warudio kutoka ng'ambo.

Swali ambalo mnunuzi hujiuliza baada ya wiki ya kwanza ya kuchezea chombo hicho ni moja: kina kazi gani hasa nyumbani?

Jibu la nchi zilizokitumia kwa zaidi ya mwongo mmoja linashangaza kwa udogo wake. Watu hukiagiza kipige muziki. Hukiomba kihesabu dakika za chakula kilichoko jikoni. Hukiuliza kama mvua itanyesha. Wenye balbu na soketi zinazoweza kuamriwa kupitia intaneti hukitumia kuwasha na kuzima taa, na wazazi hukitumia kuwaita watoto mezani kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kupaza sauti.

Amazon haikutarajia hivyo. Matumaini yake yalikuwa kwamba mtu aliyekaa kitini angeagiza sabuni, chakula cha paka na viatu kwa mdomo, na duka la kampuni hiyo lingenufaika. Ndiyo sababu chombo chenyewe kiliuzwa kwa bei ya chini mno. Lakini wateja waliendelea kuhesabu dakika za mayai. Mnamo Julai 2024 gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliripoti kwamba kitengo cha vifaa cha Amazon, ambacho Echo ni sehemu yake, kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 25 kati ya 2017 na 2021.

Hasara hiyo inaeleza mengi ya yaliyofuata. Mnamo Februari 2025 kampuni hiyo ilitangaza Alexa mpya inayoendeshwa kwa akili bandia ya kisasa, kwa ada ya dola 19.99 kila mwezi, isipokuwa kwa wanachama wa huduma yake ya Prime ambao hawalipi zaidi. Kwa pesa za Kenya hizo ni karibu Sh2,600 kila mwezi, kabla mtu hajalipia intaneti wala stima. Kwa kiasi hicho watu wengi hapa wangependelea kuwasha taa kwa kidole.

Lakini kukipuuza chombo hiki kuwa anasa ya wenye nafasi ni kukosa kuona pale ambapo thamani yake ipo. Kuagiza kwa sauti ni mzaha kwa mtu mwenye macho mazima, mikono mitupu na elimu ya kutosha kusoma skrini ya simu. Kwa asiyekuwa na kimoja kati ya hivyo, ni jambo jingine kabisa.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban 333,000 wenye ulemavu wa kuona. Mtu wa kundi hilo anaweza kuiuliza spika ni saa ngapi, kuisikiliza ikisoma habari, kupiga simu au kujua kama taa imeachwa ikiwaka, bila kumngoja mtu mwenye macho. Mzee anayemeza dawa za shinikizo la damu asubuhi na jioni anaweza kukumbushwa kwa sauti, siku baada ya siku, na chombo kisichochoka wala kusahau. Bibi ambaye hakuwahi kwenda shule hahitaji kujua herufi ili aulize.

Na jikoni, mahali ambapo simu hupakwa mafuta na unga, faida ni ya kila mtu. Maharagwe yamewekwa motoni, chombo kimeambiwa kihesabu dakika 90, na mpishi yuko huru kwenda kuanua nguo. Si muujiza, ila yeyote aliyewahi kurejea akakuta sufuria imeungua anajua bei ya usahaulifu.

Hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Wale ambao wangefaidika zaidi na mashine inayosikia ndio ambao mashine hiyo haiwasikii.

Alexa huzungumza Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kijapani, Kihispania, Kiitaliano, Kireno, Kihindi na Kiarabu. Kihindi kiliongezwa Septemba 2019, miaka miwili baada ya spika hizo kuingia katika soko la India. Kiarabu kilifuata Desemba 2021 kwa ajili ya Saudi Arabia na Milki za Kiarabu, na si Kiarabu cha vitabuni pekee, bali pia chenye lafudhi ya watu wa Ghuba. Ni bayana kwamba kampuni ikiona soko lenye pesa, hata lahaja hujifunza. Kiswahili, ambacho Unesco inasema kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, hakimo katika orodha hiyo. Hakimo pia katika orodha ya spika za Google.

Kwa hivyo bibi aliyetajwa hapo juu atalazimika kuuliza kwa Kiingereza ndipo aambiwe saa. Mjukuu wa darasa la nne ndiye atakayemtafsiria, na kama mjukuu yupo, spika ina haja gani?

Hata anayekijua Kiingereza hayuko salama. Utafiti wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mnamo 2020, ulipima mitambo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani, mitambo hiyo ilikosea maneno 19 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani weupe, na maneno 35 katika kila 100 ya Wamarekani weusi. Hao ni watu ambao Kiingereza ndicho walichokulia. Mkenya aliyejifunza lugha hiyo shuleni Bungoma au Kitui, mwenye lafudhi ya lugha ya mama, ana sababu ya kushuku kwamba hesabu yake si nzuri zaidi.

Matokeo yake ni ya kuchekesha kwa siku mbili tatu. Mtu huombwa arudie, kisha arudie tena, hadi anaanza kubana pua ili atamke kama mtangazaji wa Marekani. Akiomba wimbo wa Nyota Ndogo, jina la Kiswahili hutafutwa kwa sikio la Kiingereza na kinachopatikana ni bahati nasibu. Baada ya hapo kicheko huisha. Mtoto anayekulia katika nyumba hiyo hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba lugha ya babu haifanyi kazi ikielekezwa kwenye mashine.

Kuna wanaodai kwamba kukiongeza Kiswahili ni kazi nyepesi, kwa kuwa maneno yake hutamkwa jinsi yanavyoandikwa. Wanakosea, na mfano mmoja tu unatosha kuonyesha kwa nini.

Msafiri anayesema, "Niamshe saa kumi na moja," anakusudia saa ile ambayo Mwingereza huiita ya tano alfajiri, kwa maana saa za Mswahili huhesabiwa tangu macheo na tangu machweo. Mashine iliyofundishwa tarakimu za Kiswahili bila kufundishwa jambo hilo itamwamsha saa tano asubuhi, basi la Mombasa likiwa limekwisha kupita Voi. Tena Wakenya wengi huchanganya. Mtu yule yule husema "saa mbili usiku" kwa Kiswahili na "eight" kwa Kiingereza katika pumzi moja, na msikilizaji haoni taabu. Mashine itaona.

Au chukua vitenzi. "Uzime taa" na "usizime taa" zinatofautiana kwa silabi moja iliyojificha katikati ya neno, na silabi hiyo ndiyo inayobeba ukanusho wote. Kwa Kiingereza kukataza huhitaji neno zima linalosikika mbali. Kwa Kiswahili, kelele kidogo ya kikaango inatosha kuigeuza amri kuwa kinyume chake.

Haya si mambo yasiyoweza kutatuliwa. Yanahitaji sauti za watu, nyingi, za kila lafudhi, kutoka Lamu hadi Kisumu na kutoka Tanga hadi Lubumbashi. Mnamo Mei 2021 wakfu wa Mozilla ulitangaza ufadhili wa dola milioni 3.4, uliotoka kwa wakfu wa Gates pamoja na serikali za Ujerumani na Uingereza, kwa ajili ya kazi ya Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice. Katika mradi huo, watu wa kawaida husoma sentensi na kurekodi sauti zao, na mkusanyiko unaopatikana huwa wazi kwa yeyote anayetaka kuutumia kufundishia mashine.

Google nayo ilianza kuandika Kiswahili kinachotamkwa kwenye simu mnamo Agosti 2017. Kwa maneno mengine, elimu ya kumsikiliza Mswahili ipo, na kampuni kubwa zinayo. Kilichokosekana ni sababu ya kibiashara ya kuitia ndani ya spika ya sebuleni. Kampuni iliyopoteza mabilioni kwa Wamarekani wanaopima dakika za mayai haitakimbilia kuwapimia Wakenya dakika za maharagwe.

Hesabu ya kampuni hizo inaeleweka ukiangalia nyumba zenyewe. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, karibu asilimia 57 ya nyumba za Kenya zilikuwa na redio, ilhali zenye intaneti hazikufika asilimia 18. Redio hutumia betri na husema Kiswahili, Kikamba na Kidholuo bila kuombwa. Spika nyingi za aina hii huzimika pindi stima inapopotea, na hata stima ikiwapo, bila intaneti huwa pambo. Wakenya hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokaa gizani kwa saa nyingi. Usiku huo, kibiriti kilikuwa na akili kuliko balbu yoyote.

Tuseme basi kwamba lugha imepatikana, stima ipo na intaneti imelipiwa. Linabaki suala la masikio, nalo ni zito kuliko mengine yote.

Kampuni hushikilia kwamba chombo hakitumi kitu hadi kisikie neno la kukiamsha. Tatizo ni kwamba hulisikia hata pale ambapo halikutamkwa. Mnamo Mei 2018 ilibainika kwamba Echo ya familia moja ya Portland, Marekani, ilikuwa imerekodi mazungumzo yao ya faragha na kumtumia mtu aliyekuwa katika orodha yao ya simu. Amazon ilieleza kwamba chombo kilidhani kimeitwa, kikadhani kimeambiwa kitume ujumbe, kikauliza utumwe kwa nani, kikadhani kimesikia jina, kikauliza kama ni sahihi, na kikadhani kimekubaliwa. Makosa manne mfululizo, na wenye nyumba hawakutambua lolote.

Mwaka mmoja baadaye mambo yalizidi. Mnamo Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg lilifichua kwamba Amazon ilikuwa imeajiri maelfu ya watu wa kusikiliza sehemu ya rekodi za Alexa ili kuirekebisha. Julai mwaka huo, shirika la utangazaji la VRT la Ubelgiji lilionyesha kwamba Google nayo ilikuwa na wasikilizaji wa kibarua, na kwamba baadhi ya rekodi zilinaswa bila neno la kukiamsha chombo kutamkwa.

Kisha wakaja watoto. Mnamo Mei 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi sauti za watoto bila kikomo na kutozifuta wazazi walipotaka. Kampuni hiyo ilikana kuvunja sheria, lakini ilikubali kulipa dola milioni 25. Na tangu Machi 28, 2025, wateja wachache wa Marekani waliokuwa wakiruhusiwa kuzuia sauti zao zisitumwe kwa kampuni waliondolewa ruhusa hiyo, kwa maelezo kwamba Alexa mpya haiwezi kufanya kazi vinginevyo.

Kwa Kenya, mjadala huu una sura ambayo haizungumziwi sana Ulaya na Marekani. Katika nyumba ya Nairobi yenye uwezo wa kununua spika kama hii, anayekaa nayo kutwa nzima mara nyingi si mwenye nyumba. Ni yaya au mfanyakazi wa nyumbani. Huyo ndiye anayempigia mamake simu adhuhuri, anayeimba akifua, anayemlalamikia mwenzake wa jirani kuhusu mshahara uliochelewa.

Mwajiri mwenye programu ya spika kwenye simu yake anaweza kuona na kusikiliza amri zilizonaswa mchana. Baadhi ya spika pia zina huduma inayomwezesha mwenyewe kujiunganisha nayo akiwa kazini na kusikiliza chumba. Chombo hutoa mlio na kuwasha taa kinapofanya hivyo, lakini mlio huo una maana gani kwa mtu ambaye hakuelezwa chombo chenyewe ni nini?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na "kila mtu" hapo hakuna sharti la kumiliki nyumba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakwenda mbali zaidi. Inazifunga hata kampuni za kigeni zinazoshughulikia data za watu walio Kenya, na kifungu chake cha 33 hakiruhusu data za mtoto zishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi.

Ila sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, inasamehe shughuli za mtu binafsi ambazo ni za nyumbani tu. Mwajiri anaweza kusema kwamba spika ni chombo cha nyumbani na yaliyonaswa ni ya nyumbani. Lakini nyumba hiyo ni mahali pa kazi pa mtu mwingine, na kusikiliza simu ya mfanyakazi si sawa na kuhesabu dakika za maharagwe. Msamaha huo uliandikwa kwa ajili ya albamu ya picha za familia na daftari la nambari za simu. Kuutandaza hadi ufunike maikrofoni isiyolala ni kuunyoosha kupita kiasi, na Kamishna wa Data angefanya vyema kuueleza waziwazi kabla spika hizi hazijawa za kawaida kama televisheni.

Wakati huo huo, yapo yanayoweza kufanywa leo bila kumngoja kamishna. Spika hizi huwa na kitufe cha kuzima maikrofoni. Rekodi za awali zinaweza kufutwa kupitia programu, na ununuzi wa mdomo unaweza kufungwa kwa nambari ya siri. Hilo la mwisho si la kupuuzwa. Mnamo Januari 2017 msichana wa miaka sita huko Texas aliagiza nyumba ya mwanasesere ya bei ghali kwa kuzungumza na Alexa. Mtangazaji wa televisheni wa San Diego alipoisimulia habari hiyo hewani, baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba spika zao wenyewe zilijaribu kuagiza nyumba kama hiyo.

Na yaya anaweza kuambiwa, siku ya kwanza ya kazi, kwa lugha anayoielewa, kile chombo kando ya televisheni kinafanya nini, na kitufe chake kiko wapi.

Ama bibi na dawa zake za jioni, kwake hakuna kilichobadilika. Saa mbili ikifika, atamwita mjukuu.